Mpira si Adui wa Daftari

Mwezi huu tunazungumzia jambo linalobishaniwa katika nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke. Je, mtoto aliyelipiwa ada kubwa katika shule binafsi ili asome, aruhusiwe kucheza mpira? Wazazi wengi hujibu kwa methali: "Mshika mawili moja humponyoka." Sisi tutaliangalia suala hili kwa upande wa afya.

HOFU YA WAZAZI

Hofu hii haikuzuka bure. Shule binafsi hujipatia jina kwa mitihani. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi bora, na kila mwenye shule alitamani yake iwemo. Utaratibu huo uliachwa Januari 2023, lakini kiu ya Divisheni ya Kwanza haijapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa kwa muda, kisha yakarudishwa. Hata hivyo, miaka michache tu kabla ya hapo, Makongo, shule ya jeshi iliyoko Kinondoni, ilisifika nchi nzima kwa michezo chini ya uongozi wa Kanali Iddi Kipingu.

SIKU YA MWANAFUNZI

Hebu tuihesabu siku ya mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayekaa Mbagala au Bunju. Anaamka saa 10 alfajiri ili awahi basi la shule. Anakaa ndani ya basi, anakaa darasani, anakaa kwenye masomo ya ziada, anakaa tena kwenye foleni ya magari, na usiku anakaa mezani hadi asinzie. Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Huyu wetu halali vya kutosha, wala hatoki jasho.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi makali pamoja na yale yanayoimarisha misuli na mifupa. Mpira wa miguu una kukimbia, kuruka na kugeuka ghafla, yaani karibu yote hayo kwa pamoja. Ujana ndio wakati mwili unapoweka akiba ya mifupa. Ndio wakati pia wa kujenga moyo imara na kuzuia unene unaoleta kisukari baadaye. Tena mwongozo huo unataja faida nyingine ambayo mzazi angependa kuisikia: mazoezi husaidia uwezo wa kufikiri na maendeleo ya shuleni.

SI KWA WACHEZAJI 11 TU

Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alifika Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Ni wachache watakaofika huko, na sisi hatulengi hilo. Kasoro tunayoiona ni shule kuchagua wachezaji 11 wa kuleta kombe, na mamia waliobaki kuwa watazamaji. Kombe litakaa ofisini kwa mkuu wa shule, lakini afya ya wale mamia haijaongezeka. Kiafya, mpira ni wa kila mwanafunzi, hata asiyejua kupiga danadana.

Wasichana nao wasiachwe. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa shule za Afrika mjini Durban.

TAHADHARI

1. Michezo ianze baada ya saa 10 jioni jua linapopungua, hasa kati ya Desemba na Machi. Maji ya kunywa yawe kando ya uwanja.

2. Mguu ulioteguka usichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto siku hiyo. Mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, funga bandeji, inua mguu.

3. Aliyegongwa kichwa atoke uwanjani na asirudi siku hiyo. Akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia, apelekwe hospitali mara moja.

4. Anayezimia au kuumwa kifua akiwa anakimbia achunguzwe moyo. Msiseme ni njaa tu.

5. Mwenye pumu au selimundu asifukuzwe uwanjani. Daktari aeleze kiasi kinachomfaa, na mwalimu ajulishwe.

USHAURI WETU

Kwa wenye shule: saa moja ya michezo iandikwe kwenye ratiba, na isigeuzwe kuwa kipindi cha marudio mitihani inapokaribia, kwa maana ndipo wasiwasi wa watoto unapozidi. Kama kiwanja ni kidogo, wacheze watano watano kwa zamu.

Kwa wazazi: kabla ya kulipa ada, msiulize matokeo peke yake. Ulizeni pia uwanja uko wapi na watoto huutumia siku ngapi kwa wiki. Kijana atakayefaulu leo atauhitaji mwili wake kwa miaka mingi baada ya cheti.