Nani Ana Mamlaka ya Kuifuta USAID?

Mabishano ya mwaka 2025 kuhusu USAID, shirika la misaada la Marekani, yalifufua sheria ambayo wengi walikuwa wameshaisahau. Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 21 Oktoba 1998, ikiwa imechomekwa ndani ya sheria nene ya bajeti, na kazi yake ilikuwa kupanga upya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Vita Baridi ilipokwisha, Seneta Jesse Helms, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, alitaka taasisi tatu zilizojitegemea zifutwe na kazi zake zihamie wizarani: ya udhibiti wa silaha, ya habari, na ya misaada. Mwaka 1996 Clinton aliukataa muswada wa aina hiyo. Baada ya mvutano, mbili za kwanza zilimezwa na wizara mwaka 1999. Utangazaji ulitengwa: Sauti ya Amerika, ambayo wasikilizaji wa Kiswahili wanaijua tangu miaka ya 1960, iliachwa chini ya bodi huru ili wanadiplomasia wasiwaamrishe waandishi wa habari. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara.

USAID ndiyo iliyoleta utata. John F. Kennedy aliiunda mwaka 1961 kwa amri ya Rais, kwa hiyo amri nyingine ingeweza kuivunja. Sheria ya 1998 ilimpa Rais siku 60 kupeleka mpango wa muundo mpya, akitaka aifute humo. Isipofutwa kwa mpango huo, kilisema kifungu, basi USAID ipo ndani ya serikali. Mpango wa Clinton haukuifuta. Hivyo sheria iliyosukumwa na mtu aliyetaka kuiua ndiyo iliyoipa uhai wa kisheria, ingawa pia ilimweka mkuu wake chini ya Waziri wa Mambo ya Nje.

Hapo ndipo pande mbili zilipotofautiana mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Donald Trump alisitisha misaada kwa siku 90. Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akateuliwa kukaimu uongozi wa USAID, na kufikia 1 Julai misaada ikawa inaendeshwa na wizara yake. Serikali ilitegemea mamlaka ya Rais na ya Waziri. Wapinzani walijibu kwamba kusimamia ofisi si kuivunja. Kwangu, hoja yao ina uzito zaidi: Kongresi ilitoa ruhusa mara moja, ikaiwekea muda, na muda ule ulipita zamani.

Hata hivyo, ofisi inaweza kubaki hai katika vitabu vya sheria huku wafanyakazi wameondolewa na mikataba imefutwa. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, wahudumu wa afya waliolipwa na miradi hiyo, wakiwemo waliowafuatilia majumbani wagonjwa wanaotumia dawa za ARV, waliamriwa kusimamisha kazi kabla mahakama haijasema lolote. Kifungu kilikuwepo, mshahara haukuwepo.

Mwezi Julai 2025 Kongresi yenyewe iliingia. Ilipitisha sheria ya kurudisha hazina takriban dola bilioni 9 zilizokwisha kuidhinishwa, karibu bilioni 8 zikiwa za misaada ya nje. Sheria hiyo ilikata fedha. Kifungu cha 1998 haikukigusa.