Kusafisha na Kurekebisha Kabureta ya Pampu ya Maji Nyumbani

Wakulima wengi wa skimu za makazi siku hizi hunyunyizia mashamba yao maji kwa pampu ndogo za petroli. Katika kiangazi cha Januari na Februari pampu hiyo ndiyo mvua ya shamba. Ikikataa kuwaka siku moja, si neno kubwa. Ikikataa siku tatu au nne, miche ya kabeji hunyauka, na nyanya zilizo katika maua huyaangusha. Nyanya zilizokwisha kuzaa nazo huoza kitako, kwa sababu zimepata maji kwa kukatika-katika. Hasara hiyo hairudishwi na mvua itakayokuja baadaye.

Lakini mara nyingi pampu yenyewe si mbovu. Ilifungiwa ghalani wakati wa mvua, ikiwa na petroli ndani. Petroli ile imekauka polepole na kuacha gundi katika matundu madogo ya kabureta. Mwenye pampu hununua kabureta mpya, kumbe ile ya zamani ilitaka kuoshwa tu. Kuiosha ni kazi ya asubuhi moja, na mkulima aliye mwangalifu aweza kuifanya mwenyewe.

KABURETA HUFANYA NINI?

Petroli haiwaki vizuri katika injini mpaka ichanganywe na hewa kwa kipimo chake. Kwa uzito, sehemu 1 ya petroli huhitaji karibu sehemu 15 za hewa. Kazi ya kabureta ni kuchanganya vitu hivi viwili.

Hewa hupita katika kichujio, kisha huingia katika koo la kabureta. Koo hilo ni jembamba katikati. Hewa ikifika hapo hukimbia zaidi, na mkandamizo wake hupungua, basi petroli huvutwa juu kutoka katika kikombe kilicho chini ya kabureta. Ndani ya koo mna vibati viwili vya mviringo vinavyogeuka kama mlango. Kimoja ni choki, ambacho huzuia hewa injini ikiwa baridi. Cha pili ni kipepeo, ambacho hufunguka injini ikitakiwa kufanya kazi kubwa na kufunga ikitakiwa kwenda polepole.

Ndani ya kikombe mna kielea. Hiki hufanya kazi kama boya la birika la kunyweshea ng'ombe: petroli ikijaa, kielea hupanda na kusukuma sindano ndogo izibe njia, petroli ikipungua, hushuka na njia hufunguka. Katikati, juu ya kikombe, mna jeti, yaani skrubu ya shaba yenye tundu ambalo upana wake haufiki milimita 1. Petroli yote inayoendesha pampu yako hupita katika tundu hilo. Sasa waweza kuona kwa nini uchafu kidogo tu husimamisha mashine nzima.

KWANZA HAKIKISHA KWAMBA NI KABURETA

Usifungue kitu kabla ya kuuliza maswali haya. Je, petroli imo katika tangi, na bilula yake imefunguliwa? Je, swichi iko mahali pa kuwashia? Je, oili ya injini inatosha? Injini nyingine zina kifaa kinachozuia moto oili ikipungua, na mwenye injini hulaumu kabureta bure. Je, plagi ni kavu na safi?

Kisha weka chombo chini ya kabureta, fungua bilula ya petroli, na ulegeze skrubu ya kumwagia iliyo chini ya kikombe. Petroli ikitiririka vizuri, njia ya kutoka katika tangi ni wazi. Isipotiririka, uchafu uko katika bilula au katika kichujio cha tangi. Usafishe huo kwanza. Iangalie petroli iliyotoka. Ukiona matone yametulia chini yake kama shanga, hayo ni maji. Ikinuka kama rangi ya nyumba iliyokaa sana, imeharibika. Usiirudishe katika tangi.

Dalili nyingine za jeti iliyoziba ni hizi: injini huwaka kisha huzima, au huendelea tu choki ikiwa imefungwa, au mlio wake hupanda na kushuka bila kutulia.

VYOMBO NA HADHARI

Unahitaji spana ya namba 10, bisibisi bapa, koleo, karai safi, kitambaa kisicho na nyuzi nyingi, mswaki wa zamani, na pampu ya baiskeli. Uwe pia na petroli safi kidogo, au dawa ya kusafishia kabureta inayouzwa katika maduka ya vipuri.

Fanya kazi nje, injini ikiwa baridi kabisa. Usivute sigara, na jiko na taa ya moto viwe mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na waweza kuufikia moto ulio hatua nyingi kutoka hapo ulipo. Watoto wasikaribie. Usivute petroli kwa mdomo kwa mpira, wala usipulize jeti kwa mdomo, maana petroli ni sumu. Vua waya wa plagi kabla ya kuanza.

JINSI YA KUSAFISHA

1. Ondoa kifuniko cha kichujio cha hewa. Sponji iliyomo ioshwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe, ikauke kabisa, kisha itiwe oili safi ya injini na kukamuliwa tena. Kichujio cha karatasi kisioshwe. Kigongwe polepole mpaka vumbi litoke. Kikiwa cheusi au kimechanika, nunua kingine.

2. Funga bilula ya petroli. Mwaga petroli iliyo katika kikombe, kisha fungua bolti moja iliyo chini yake na ukishushe. Mpira wa mviringo unaozuia kuvuja usiuvute kwa nguvu wala usiutie katika petroli, kwa kuwa huvimba na kukataa kurudi mahali pake.

3. Chomoa kwa koleo kijiti kinachoshika kielea. Kielea hutoka pamoja na sindano. Kitikise karibu na sikio: ukisikia petroli ndani, kimetoboka nacho chahitaji kubadilishwa. Ikiwa ncha ya sindano ina mfereji uliolika, kabureta itafurika daima, hata uisafishe mara ngapi.

4. Fungua jeti kwa bisibisi inayoenea mfuo wake sawasawa. Shaba ni laini. Bisibisi ndogo huuharibu mfuo, na jeti haitatoka tena. Juu ya jeti mna kimrija chenye matundu pembeni. Nacho hutoka kwa kugonga kabureta polepole kwa mpini wa bisibisi. Panga kila kitu juu ya kitambaa kwa taratibu uliyofungulia, ili usisahau mahali pake.

5. Osha vipande vya chuma kwa petroli au dawa, na uvisugue kwa mswaki. Inua jeti uitazame kuelekea mbingu. Ukiona tundu la mviringo lenye mwanga safi, ni nzuri. Ukiona giza, au mwanga wa nusu mwezi, ioshe tena. Usitumie waya wa chuma wala pini. Waya hukwaruza tundu na kulipanua, na tangu siku hiyo injini itakula petroli kupita kiasi. Tumia unywele mmoja wa mswaki, au uzi mmoja mwembamba wa shaba uliotolewa katika waya wa umeme usiotumika.

6. Puliza kila tundu kwa pampu ya baiskeli. Futa koo la kabureta na kipepeo kwa kitambaa chenye dawa, kwa sababu masizi yakijishika ukingoni mwa kipepeo, hakifungi sawasawa. Hakikisha kwamba kipepeo na choki vinageuka bila kukwama.

7. Rudisha vitu kwa taratibu ile ile, ukianza na kile ulichotoa mwisho. Kaza kwa kiasi tu. Fungua bilula, ungoje dakika 5, na utazame chini ya kikombe. Ikivuja, usiwashe, funga bilula na uangalie tena mpira na sindano.

JINSI YA KUREKEBISHA

Kabla ya kuwasha, jaza maji katika pampu yenyewe. Pampu isiende kavu hata kwa majaribio, maana sili yake huungua upesi. Rudisha waya wa plagi, funga choki, na uwashe. Injini ikianza kupata joto, fungua choki kidogo kidogo mpaka ifunguke yote.

Ikiisha kwenda dakika chache, rudisha mkono wa mwendo mahali pa polepole. Pembeni mwa kabureta mna skrubu inayozuia kipepeo kisifunge kabisa. Hiyo ndiyo skrubu ya mwendo wa chini. Ukiikaza, mwendo huongezeka, ukiilegeza, hupungua. Igeuze robo kwa robo mpaka injini itulie bila kutetemeka na bila kuzima. Kisha peleka mkono wa mwendo juu kwa ghafula. Injini iitikie mara moja. Ikisita au kukohoa, bado mna uchafu.

Injini nyingine zina skrubu ya pili, ya kupima mchanganyiko wa petroli na hewa. Ikiwa ina kofia ya kuizuia, iache. Ikiwa haina, na ni lazima uitoe ili kusafisha njia yake, ikaze kwanza polepole mpaka iguse chini, huku ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo. Unapoirudisha, ikaze hivyo hivyo kisha uilegeze kwa hesabu ile ile. Usiikaze kwa nguvu, maana ncha yake ni nyembamba.

Kitu kimoja usikiguse kabisa, nacho ni springi ya gavana. Gavana huamua mwendo wa juu wa injini. Wako watu wanaoivuta springi ili pampu itoe maji mengi zaidi. Injini hiyo hupita mwendo iliyoundiwa, na mwisho wake ni kuvunjika ndani. Hapo hasara si ya kabureta tena, ni ya pampu nzima.

WANAOKAA NYANDA ZA JUU

Sehemu nyingi za Nyandarua, pamoja na Kinangop, ziko juu ya mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini za namna hii hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, hata kama kabureta iko sawa. Kwa hiyo mkulima aliye mita 2,400 asishangae akikosa zaidi ya robo ya nguvu iliyoandikwa katika kijitabu cha pampu. Asijaribu kuirudisha kwa kuvuta gavana.

Ikiwa moshi mweusi waendelea kutoka baada ya kusafisha kichujio na kufungua choki, yaelekea petroli imezidi hewa. Muulize mwuza vipuri kama ana jeti ndogo ya nyanda za juu ya injini hiyo. Lakini injini iliyotiwa jeti hiyo isipelekwe kufanya kazi nchi ya chini, maana itapata petroli kidogo kuliko haja na kuchemka mno.

Neno moja kwa wenye magari. Magari mengi ya leo hayana kabureta; petroli yao hupimwa kwa kompyuta, na kipepeo chao mara nyingi huendeshwa kwa mota ya umeme. Usisukume kipepeo cha namna hiyo kwa kidole, wala usifuate maelezo haya kukirekebisha. Fuata kijitabu cha gari au umwone fundi.

KINGA

Kusafisha kabureta mara kwa mara si sifa. Mkulima mwema huizuia isichafuke. Nunua petroli ya kutosha wiki chache tu, maana petroli huanza kuharibika baada ya mwezi mmoja hivi. Iweke katika debe safi lenye kifuniko, mahali penye kivuli, mbali na nyumba ya kulala. Imimine kwa faneli yenye wavu. Kila jioni, funga bilula baada ya kuzima, hasa kama utaibeba pampu kwa pikipiki au mkokoteni. Angalia kichujio cha hewa kila baada ya saa 50 za kazi, na mapema zaidi mahali penye vumbi.

Mvua zikianza na kazi ya pampu ikiisha, usiiweke ghalani hivi hivi. Toa petroli yote katika tangi. Legeza skrubu ya kumwagia na uache kikombe kikauke, kisha uikaze. Kazi hii haizidi dakika 10 wala haina gharama.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena usingoje kiangazi ndipo uijaribu pampu. Iwashe wiki mbili kabla ya kuihitaji, ili kama kuna kasoro uwe na nafasi ya kuitengeneza wakati udongo ungali na unyevu na miche haijaanza kunyauka.