Mguu wa Nyuma wa Mbuzi

Juzi mjukuu wangu wa darasa la sita alirudi kutoka shule amenuna. Akatua begi lake barazani, akasema, "Shikamoo, Babu. Leo mwalimu wetu wa sanaa kachora twiga ubaoni, darasa zima likacheka. Twiga kama ngazi! Sasa huyo atatufundisha nini?"

"Marahaba. Hebu kaa hapa," nikamwambia.

Niliyomweleza jioni ile nawaeleza na ninyi, maana swali lake si dogo: je, mwalimu wa kuchora ni lazima awe mchoraji hodari?

Nilianza na mtu ambaye mkono wake ulikuwa hodari kwelikweli. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Turubai hakuwa nalo, akachukua vipande vya mraba vya hadibodi. Rangi za wasanii hakuwa nazo, akatumia rangi ya kupakia baiskeli. Picha zake za ndege na wanyama zikawa zinauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, na haukupita muda jamaa zake wakaanza kumzunguka ili nao wajifunze.

Walijifunza kama mwanagenzi anavyojifunza kwa fundi seremala: unakaa karibu, unatazama mkono, unajaribu, unakosea, unatazama tena. Rangi ile ina tabia zake. Ni nzito, inang'aa, na hukawia kukauka. Ukimwekea chui madoa kabla rangi ya chini haijakauka, madoa yanatambaa na chui anageuka tope. Jambo kama hilo utaambiwa na mtu aliyewahi kuharibu chui wake mwenyewe.

Tingatinga alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa takribani miaka minne tu. Lakini wanagenzi wake hawakuweka brashi chini. Mwaka 1990 waliomfuata wakaunda chama chao cha ushirika, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji.

"Umeona, Babu!" mjukuu wangu akaruka. "Si nimesema? Hodari ndiye anayefaa."

Nikamwambia asubiri, kwanza twende Kampala.

Mwaka 1935 alifika Uganda mama mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, mke wa daktari. Alikuwa amesomea uchoraji katika chuo cha Slade, London, kwa hiyo kuchora alijua barabara. Baadaye alisomea ualimu kwa Marion Richardson, mwalimu aliyekuwa na njia yake ya pekee. Aliwaambia wanafunzi wafumbe macho, akawasimulia habari za mahali fulani, taratibu, hadi kila mmoja aone picha yake kichwani. Ndipo wafumbue macho na kuchora walichokiona wao wenyewe.

Mama Trowell alianza kufundisha barazani nyumbani kwake, na darasa lile likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere. Angeweza kuchora mfano mzuri mbele ya darasa, na wanafunzi wangeunakili mstari kwa mstari. Yeye akachagua kusimulia.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, kijana wa Kilimanjaro. Ntiro alichora watu wa kwao wakiwa kazini, migomba, na miteremko ya kijani ya mlima. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko hadi leo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Picha hiyo mwalimu wake asingeweza kumchorea, kwa sababu usiku ule ulikuwa wa Ntiro na watu wake. Mwanafunzi mwingine wa Trowell, Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na aliwasihi wasanii wasinakili kazi za wengine.

"Sasa nimechanganyikiwa," mjukuu wangu akasema. "Mwalimu aonyeshe mkono wake au auzuie?"

Hapo nikamsimulia habari ya mbuzi wangu.

Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa na mwalimu mwenye mkono mwepesi ajabu. Siku moja nilichora mbuzi, miguu ikanishinda. Mwalimu akanichukulia penseli, akaifuta miguu yangu, na kufumba na kufumbua akachora minne mizuri. Mbuzi akasimama! Nyumbani nilisifiwa hadi nikaona haya. Kisha mama akaniambia, "Mchoree mwenzake sasa." Nikashindwa. Mbuzi yule hakuwa wangu.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine. Kuchora kwake kulikuwa kwa kawaida tu. Aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu, hakuigusa penseli. Akaniuliza, "Mguu wa nyuma wa mbuzi, kifundo chake cha katikati kinachongokea wapi, mbele au nyuma?" Sikujua. "Nenda kamwangalie," akasema.

Jioni ile nilichuchumaa zizini mpaka mbuzi aliyelala akaamua kuinuka. Akainua matako kwanza, huku bado amepiga magoti ya mbele. Nikaona! Kifundo cha mguu wa mbele kinachongokea mbele, cha nyuma kinachongokea nyuma kama kiwiko cha mtu. Tangu siku hiyo hakuna mbuzi aliyenishinda.

Lakini swali lile angelipata wapi mwalimu yule kama naye hajawahi kukwama hapohapo? Siku moja alinionyesha daftari lake: kurasa na kurasa za miguu ya mbuzi, mingi imepinda, imefutwa, imechorwa tena.

Ndiyo maana nasema, wajukuu zangu, mwalimu wa sanaa si lazima awe bingwa, ila ni lazima awe mtu anayechora. Mkono mtupu haulambwi. Asiyechora kabisa ataona kuwa mguu umekosewa, lakini hatajua akutume ukatazame nini. Na bingwa anayekunyang'anya penseli anakupa picha na kukunyima macho. Anayekufaa ni yule ambaye mkono wake umehangaika na kazi, na moyo wake una subira ya kukuacha nawe uhangaike.

Nikamuuliza mjukuu wangu, "Mlipocheka, mwalimu wenu alifanya nini?"

Akafikiri. "Aliifuta shingo, akachora tena. Akafuta tena. Kisha akasema kesho tulete picha za twiga, tutazame pamoja shingo inaanzia wapi."

Nikamwambia kesho yake asubuhi aende akamwamkie kwa heshima, amwombe radhi kwa kile kicheko, kisha akae dawati la mbele. Mtu anayefuta na kuchora upya mbele ya darasa linalomcheka, huyo ni mwalimu.