Jina, Namba na Utata wa Rejeleo katika Lugha za Hifadhidata

Sentensi "Juma alimwambia Ali kuwa amefaulu" ni sahihi kisarufi, lakini haibainishi ni nani aliyefaulu. Msikilizaji hutegemea muktadha, na ukimpungukia, huuliza. Utata wa namna hii umo pia katika lugha zilizobuniwa kwa ajili ya kuiamuru kompyuta, ambako mpokeaji wa amri huenda asiulize.

Hifadhidata hupanga taarifa katika majedwali, na kila safu wima ya jedwali huwa na jina lake. Lugha kama PL/SQL ya Oracle na PL/pgSQL ya PostgreSQL humwezesha mtaalamu kutunga fanksheni, yaani mfululizo wa amri uliopewa jina. Thamani ambayo fanksheni hupokea kutoka nje hushikwa na parameta.

Katika PL/pgSQL, parameta yaweza kutajwa kwa nafasi yake: $1 ni ya kwanza, $2 ni ya pili. Namba haina utata, ila haimwelezi msomaji kilichobebwa. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005, parameta yaweza kupewa jina pale pale fanksheni inapotangazwa. Jina limeleta maana. Limeleta na utata pia.

Ichukuliwe fanksheni ya kumfuta mwanafunzi mmoja, ambayo parameta yake inaitwa "jina", na jedwali nalo lina safu iitwayo "jina". Amri yataka ifutwe mistari ambayo jina = jina. Katika PL/SQL, safu ndiyo hutangulizwa: kila jina hulinganishwa na lenyewe, na wanafunzi wote walioandikwa majina hufutwa. Lau parameta ingetangulizwa, ingelinganishwa nayo na nafsi yake, na hasara ingekuwa ile ile. Kanuni ya kutanguliza upande mmoja, basi, haiondoi utata, huuficha tu.

Tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, PL/pgSQL kwa kawaida huikataa amri ya aina hii na kutangaza kosa. Hapo ndipo mashine inapofanana na msikilizaji anayeuliza.

Watunzi huepa tatizo kwa njia mbili. Wengine huambatisha kiambishi awali, kama p_jina. Wengine humtaja mwenye jina: wanafunzi.jina = futa_mwanafunzi.jina, yaani jina lililomo jedwalini na jina lililopokewa na fanksheni. Nukta hiyo hufanya kazi ya -a unganifu katika Kiswahili: huonyesha kitu ni cha nani.