Grupe ya damu yako: uijue mbele ya ajali, si nyuma yake

Ilikuwa posti ya usiku. Jiwe lilianguka toka juu, likaponda mguu wa mwenzetu. Tukamufunga na mushipi, tukamutosha inje, gari likatupeleka ku lopitalo. Munganga alimutazama kidogo tu, akasema: « Anahitaji damu sasa hivi. Yeye ni O, na mu frigo O imeisha. Nani kati yenu ni O? »

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tukatazamana. Kila mutu alijua namba ya karte yake ya kazi, wengine walijua hata mushahara wa jirani, lakini damu yake mwenyewe hakuna aliyeijua. Mmoja akasema: « Mimi naona niko A, sawa vile baba. » Mwingine: « Banilipimaka zamani, nilishasahau. » Ikabidi mutu wa laboratwari atupime mmoja mmoja, kisha achungue kama damu yetu haina magonjwa. Bibi wa mwenzetu alikaa ku mulango, mutoto mu mugongo, akiuliza kila mutu anayetoka: « Mulishapata? »

Wanne kati yetu walikuwa O. Mwenzetu aliishi, lakini mguu ulikatwa. Hakuna munganga aliyetuambia kwamba ni juu ya kuchelewa. Lakini sisi wa sendika tunahesabu zile saa mpaka leo.

Damu haifanane

Munganga Karl Landsteiner wa Vienna, mu inchi ya Austria, njo alionyesha mu 1901 kwamba damu ya watu haiko moja. Mu 1930 alipewa zawadi ya Nobel juu ya kazi hiyo. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1868, na ndiyo sababu kila mwaka tarehe 14 Juni ni siku ya wenye kutoa damu mu dunia yote.

Grupe ni ine: A, B, AB na O. Juu yake kuna resusi: pozitifu ao negatifu. Ukitiwa damu isiyopatana na yako, mwili unaishambulia sawa adui. Figo zinaweza kuharibika, na mutu anaweza kufa.

Mu mashimo wengi wanasema: « Mimi O, niko na bahati, napatia wote. » Ni kweli nusu. O negatifu anaweza kupatia watu wote. O pozitifu anaweza kupatia wote wenye resusi pozitifu, na kwetu hao njo wengi. Lakini yeye O, siku ya taabu yake, anapokea paka kwa O mwenzake. AB ni kinyume: anapokea chembe nyekundu za grupe zote, lakini anazipatia AB peke yake. Kwa hiyo mwenye O ni wa kwanza kupaswa kujua ndugu zake wa damu wako wapi.

Kupimwa hakuumize. Wanakuchoma kidogo ku kidole ao mu mushipa, wanaweka matone ya damu ku kipande cheupe, wanatia dawa tofauti ku kila tone. Tone lenye kugandamana vipande vipande njo linaonyesha grupe. Ni mambo ya dakika chache.

Lakini tusidanganyane. Kuandika « A+ » ku kaske hakutoshe. Kaske inaazimwa, karte inaweza kuwa na kosa, na laboratwari nzuri itakupima tena tu mbele ya kukutia damu. Faida ya kujua mapema ni ingine: ekipe inajua nani ataitwa, na nani ataacha usingizi saa nane ya usiku kwenda ku lopitalo.

Woga mbili

Woga wa kwanza tunausikia kila mara: « Bakinitosha damu, kampani itajua niko na SIDA, itanifukuza. » Kupima grupe hakutafute VIH. Ni mwenye kutoa damu njo anachunguzwa VIH, ugonjwa wa maini B na C, na kaswende, ili mugonjwa asipewe ugonjwa mwingine. Matokeo ni siri kati yako na munganga. Na sheria ya inchi yetu namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inakinga mwenye VIH asibaguliwe ku kazi. Mukubwa wa kazi akikutisha na neno hilo, kuja utuone.

Woga wa pili unavunja nyumba. Baba ni A, mama ni B, mutoto anatoka O. Bwana anaanza kelele: « Huyu hapana wangu! » Baba, polepole. Mwenye A anaweza kuficha O ndani yake, na mwenye B vilevile. Mutoto akachukua O ya baba na O ya mama, akawa O. Ni mutoto wenu. Usimufukuze mama juu ya karatasi usiyojua kuisoma.

Bamama na vijana wa kuoa

Mama mwenye resusi negatifu, kama bwana ni pozitifu, anaweza kubeba mutoto pozitifu. Mara ya kwanza mara nyingi hakuna shida. Lakini mwili wa mama unaweza kujifunza kupigana na damu ile, na mimba ya nyuma ikaharibika. Kuna sindano ya kukinga: inapaswa kutiwa mbele ya masaa 72 kupita kisha kuzaa. Asiyejua resusi yake hataiomba.

Na wachumba, musichanganye grupe na kile kipimo cha AS na SS. Hicho kinaitwa elektroforeze. AS na AS wakioana, kila mimba ina nafasi moja ju ya ine ya kuzaa mutoto wa SS. Muombe vipimo vyote viwili.

Tunachoomba

Code du travail ya 2002 inaweka matunzo ya afya ya mufanyakazi na jamaa yake ju ya mabega ya mwajiri. Basi tunaomba grupe ipimwe siku ya kuingia kazi, kwa baba, mama na watoto, na karte ikae mu mukono wa mwenye damu, si mu kabati ya ofisi tu. Tunaomba kila posti iwe na liste ya wenye kukubali kutoa damu, kila mutu kwa kupenda kwake.

Ninyi wachimbaji wa koperative ambao hamuna mwajiri, muende pamoja siku moja ya mapumziko. Na aliye muzima atoe damu mbele ya ajali, bila kuiuzisha. Mufuko mmoja haufike nusu litre. Mwanaume anaweza kurudia kisha miezi tatu, mwanamuke kisha ine. Damu inayookoa usiku ni ile iliyokuwa tayari mu frigo.

Yule mama wa ku mulango alituuliza « Mulishapata? » karibu usiku muzima. Tunataka siku ingine, mama mwingine akiuliza, tujibu mara moja.