Bibi Aliyepiga Hodi Kila Nyumba

Huenda ukutani kwako ipo picha. Pengine ni ya harusi, au ya babu aliyekwisha fariki. Je, umewahi kujiuliza picha hiyo ina faida gani?

Katika nchi ya Poland, huko Ulaya, alikuwepo mpiga picha mmoja mwanamke. Jina lake Zofia Rydet. Alizaliwa mwaka 1911. Mwaka 1978 alikuwa na miaka 67. Wengi wa umri huo hupumzika. Yeye alichukua kamera yake akaenda vijijini.

Alipofika kwenye nyumba alipiga hodi. Alisalimia, akasifu kitu kizuri alichokiona ndani, kisha akaomba kupiga picha. Wenye nyumba walikaa mbele ya ukuta wao, wakaitazama kamera. Nyuma yao zilionekana picha za harusi, picha za watakatifu, saa na vitanda.

Kwa nini alifanya hivyo? Aliona maisha ya kijijini yanabadilika upesi. Nyumba za zamani zilikuwa zinatoweka, na wazee walikuwa wanafariki. Hakutaka watu wale wasahauliwe. Aliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1990, akapata picha karibu 20,000. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1997. Mwaka 2015 picha zake zilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa mjini Warsaw.

PICHA KONGWE NI NINI?

Kamera za wakati ule zilitumia filamu. Filamu ikisafishwa kwa dawa, palipo peupe huonekana peusi, na palipo peusi huonekana peupe. Hiyo ndiyo negativu.

Kisha mpiga picha huingia katika chumba cha giza. Humulika negativu juu ya karatasi yenye dawa ya madini ya fedha. Akiitia karatasi hiyo katika dawa nyingine, sura ya mtu hujitokeza polepole. Halafu kuna dawa ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga. Mwisho picha huoshwa kwa maji mengi.

Picha kongwe ni ile iliyosafishwa karibu na wakati ilipopigwa, mara nyingi na mpiga picha mwenyewe. Hata leo negativu ileile inaweza kutoa picha nyingine. Lakini ile ya zamani ina mkono wa mwenyewe. Yeye ndiye aliyeamua wapi pawe na giza na wapi pawe na mwanga. Ndiyo maana hutunzwa sana.

TUNZA PICHA ZAKO

Adui wa picha ni jua kali, unyevu, moshi na wadudu. Usiibandike picha kwa gundi. Iweke ndani ya bahasha, mahali pakavu. Ishike pembeni, usiiguse usoni.

Halafu chukua penseli. Nyuma ya picha andika jina la mtu, mahali na mwaka. Usikandamize, maana alama zitatokea upande wa pili.

Usingoje. Leo jioni kaa na wazee, waulize: huyu ni nani? Wao wanajua majina, nawe unajua kuandika. Wakiondoka kabla hujaandika, basi wajukuu watamwona babu yao ukutani na kudhani ni mgeni.