Makuti ya Plastiki juu ya Banda la Mnyama

Makuti ya plastiki ni vipande vya kuezekea vinavyotengenezwa kiwandani ili vifanane na makuti ya mnazi, nyasi au matete, na aina iliyoenea zaidi hutokana na polithini nzito, yaani ile plastiki ngumu ya kutengenezea ndoo, madumu na mabomba ya maji. Punje za plastiki huyeyushwa pamoja na rangi za kahawia na kijivu, dawa ya kuhimili miale ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua inayoichakaza plastiki hadi ikavunjikavunjika, na kemikali za kupunguza kasi ya moto, kisha hukamuliwa kuwa majani membamba yenye ncha zilizochanwa kwa makusudi. Mwezekaji wa Pwani hufunga makuti yake ya mnazi kwenye fito tupu, na makuti hayohayo ndiyo yanayozuia mvua. Fundi wa makuti ya plastiki mara nyingi hutandika kwanza mbao na utando usiopitisha maji juu ya kenchi, ndipo akapigilia vipande vyake safu kwa safu kutoka upenuni kwenda juu, kwa hiyo kazi ya kuzuia maji hufanywa na utando uliofichika, na majani yanayoonekana hubaki kuwa sura ya nje.

Sura hiyo ndiyo iliyoliingiza paa hili katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, na asili yake ni desturi kongwe ya kumjengea mnyama nyumba inayomkumbusha mtazamaji nchi ya mbali. Mjini Antwerp, Ubelgiji, wanyama wakubwa walijengewa hekalu la mtindo wa Kimisri mwaka 1856, na Berlin ikafuata mwaka 1872 kwa jumba la swala lenye minara kama ya misikiti. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wabunifu wa Woodland Park Zoo mjini Seattle waliachana na majumba ya aina hiyo wakaanza kumzungushia mgeni mimea na mandhari ya makazi halisi ya mnyama, lakini katika bustani nyingi zilizoiga wazo hilo paa la nyasi liliongezwa kama njia ya mkato ya kusema kwamba hapa ni Afrika. Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni Animal Kingdom, bustani ya kampuni ya Disney iliyofunguliwa Florida tarehe 22 Aprili 1998, ambamo kipo kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe: sura yake ilichotwa Lamu, ilhali mapaa yake yaliezekwa kwa nyasi halisi na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini.

Ni vyema kusema wazi kwamba twiga, faru na gorila wa porini hawajapata kuishi chini ya makuti wala nyasi zilizoezekwa, kwa kuwa hayo ni mapaa ya watu, na kuyaweka juu ya vizimba kunahitaji uangalifu. Mwezi Juni 2005, bustani ya Augsburg nchini Ujerumani ilipoandaa maonyesho yaliyoitwa kijiji cha Kiafrika, wengi walipinga utamaduni wa Waafrika kuoneshwa kandokando ya wanyama. Kwa mnyama mwenyewe, paa ni kivuli, ukavu na usalama, na haki ni kulipima kwa mambo hayo kabla ya kuuliza kama linampendeza aliyelipa kiingilio.

Kwa upande wa afya, plastiki ina hoja nzito. Majani makavu yakilowa na kukosa hewa huota kuvu, na miongoni mwake wamo wa jamii ya Aspergillus, ambao chembe zao hupeperuka na kuvutwa katika pumzi. Ndege wana mifuko ya hewa iliyosambaa mwilini, nje ya mapafu, na kuvu hao wakishaota humo huleta asperijilosi, ugonjwa ambao umewaua pengwini wengi wanaofugwa na ambao ni vigumu kuutambua mapema, kwa sababu ndege huficha udhaifu wake mpaka siku za mwisho. Nyasi halisi pia huwapa panya, mende na mchwa mahali pa kuzaliana, nao mkojo wa panya hueneza bakteria wa leptospirosisi. Kuwafukuza kwa sumu juu ya kichwa cha mnyama anayelamba kila kitu ni kuongeza hatari ya pili. Majani ya plastiki hayaozi wala hayaliwi na mchwa, na huweza kuoshwa kwa maji, ingawa mianya iliyo chini yake bado inaweza kuhifadhi viota, hivyo ukaguzi haukwepeki.

Mizani hugeuka mnyama anapolifikia paa. Twiga dume hufikia urefu wa mita 5 na zaidi, na ulimi wake wa takriban sentimita 45 huzunguka tawi na kulivua majani. Akiwa kizuizini, ambako muda wa kula umefupishwa, mara nyingi twiga huzoea kulamba kuta, nguzo na chochote kinachoning'inia. Akinyofoa nyasi halisi zisizo na dawa amekula nyasi, lakini akinyofoa plastiki amemeza kitu kisichomeng'enyeka, ambacho kwa mnyama mcheuaji hukaa katika tumbo la kwanza, kikajikusanya na kuziba njia ya chakula. Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa kabla Kenya haijapiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, mifuko hiyo ilikutwa mara kwa mara matumboni mwa ng'ombe waliochinjwa mijini. Tembo huvuta kwa mkonga, nyani hung'oa kwa vidole, kasuku hutafuna kwa mdomo. Upenu unapaswa kuwa mbali na mnyama mrefu kuliko wote, kwa hesabu ya shingo na ulimi ulionyooshwa, na juu ya nyani na kasuku uzibwe kwa wavu wa chuma. La sivyo, ni heri paa la bati lililopakwa rangi.

Joto nalo lina sauti. Nyasi zilizoezekwa kwa unene hushika hewa katikati na kuupoza uvungu, jambo ambalo majani membamba ya plastiki hayawezi, na kwa hiyo banda la plastiki huhitaji kihami joto chini ya mbao pamoja na matundu ya kutolea hewa.

Lililo zito kuliko yote ni moto. Nyasi kavu hushika moto kwa cheche moja, na hapo wauzaji wa makuti ya plastiki husifu kemikali zao. Hata hivyo polithini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, na ikiwaka hudondosha matone ya moto kwa walio chini. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2020, taa za karatasi zinazopaa, ambazo zilikuwa marufuku, zilitua juu ya jumba la nyani la Krefeld, Ujerumani. Paa lake halikuwa la makuti bali la akriliki, plastiki angavu kama kioo, nalo likawaka; zaidi ya wanyama 30 wakafa, wakiwemo orangutani watano na gorila wawili, na sokwemtu wawili tu wakatolewa hai. Gorila aitwaye Kidogo na familia yake walinusurika kwa sababu walilala katika jengo jingine lililokuwa karibu. Cheti cha kuhimili moto kinachotolewa kwa jani moja lililojaribiwa maabarani hakitoshi kwa hiyo, kwani jaribio linalostahili kudaiwa kwa muuzaji ni la paa zima pamoja na mbao na utando wake, na jumba lenyewe linahitaji ving'amuzi vya moshi, vinyunyizi vya maji na mlango wa pili ambao mtunza wanyama anaweza kuufungua akiwa nje.